GTX 1060 au RX 580? Kadi mbili kuukuu kwenye soko la mtumba

Watengenezaji wa gemu walikwisha kuamua zamani kwamba kadi hizi mbili za grafiki ni sawa. Soma mahitaji ya Horizon Zero Dawn ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2020: kwenye mstari wa kadi inayopendekezwa pameandikwa GTX 1060 ya 6GB au RX 580 ya 8GB. Elden Ring ya 2022 imezitaja pamoja, ingawa kwa matoleo yao madogo ya 3GB na 4GB, na safari hii ni kwenye mstari wa kiwango cha chini. Mwaka 2023 waliounda Cyberpunk 2077 wakapandisha mahitaji ya gemu yao, wakaziweka zote mbili, 6GB na 8GB, mlangoni kabisa: chini ya hapo hakuna ahadi. Ndani ya miaka mitatu zimeteremka bega kwa bega kutoka kadi za kupendekezwa hadi kadi za kuvumiliwa.

Kwa hiyo ubishi wa ipi ina kasi zaidi, ule unaojaza majukwaa ya vijana tangu 2017, umekwisha. Anayenunua leo kwenye duka la vifaa vilivyotumika, iwe Kariakoo au Luthuli, hanunui kasi ya 2017. Ananunua uhai uliobaki, na hapo ndipo njia zinapoachana, kwa sababu kila kadi inazeeka kwa ugonjwa wake. Nitasema mapema ninakosimama: RX 580 halisi ya 8GB ina uhai mrefu zaidi ndani ya gemu, lakini kompyuta nyingi ambazo wanunuzi wetu wanataka kuichomeka haziwezi kuilisha umeme, na kadi nyingi zinazouzwa kwa jina hilo si RX 580.

Tuanze na asili yake. NVIDIA ilitoa GTX 1060 ya 6GB Julai 2016 kwa bei elekezi ya dola 249. Ndani mna chipu ya GP106 ya kizazi cha Pascal, viini 1,280, iliyochapwa na TSMC kwa teknolojia ya nanomita 16. AMD ilikuwa imetangulia kwa wiki chache na RX 480. Aprili 2017 ikaichukua chipu ileile ya Polaris, ikaipandisha mwendo kidogo, ikaiita RX 580, ikauza toleo la 8GB kwa dola 229. Viini 2,304, nanomita 14 za GlobalFoundries. Kipya kikubwa hakikuwepo; RX 580 ni RX 480 iliyoongezewa umeme, na anayekuambia vinginevyo ana mzigo wa kuuza.

Ukizisoma kwenye makaratasi, shindano linaonekana si la haki. RX 580 ina uwezo wa hesabu wa teraflopsi 6.2, mwenzake 4.4. Memori yake inapitisha gigabaiti 256 kwa sekunde, ya mwenzake 192. Kwa tarakimu hizo kadi ya AMD ilipaswa kuwa mbele kwa asilimia arobaini hivi. Haikuwa. Katika miaka yake ya mwanzo ilikuwa sare na GTX 1060, na kwenye gemu nyingi za wakati ule ikawa nyuma kidogo.

Sababu ya kwanza iko ndani ya chipu. Pascal hugawa picha katika vipande vidogo na kuvimaliza kimoja kimoja ndani ya hifadhi yake ya karibu, tena hubana data za rangi vizuri zaidi, kwa hiyo haihitaji kwenda na kurudi kwenye memori mara nyingi. Isitoshe ina vitengo 48 vya kumalizia pikseli, Polaris ina 32. Viini vingi vya RX 580 vilikuwa vinasubiri kazi iliyokwama mbele.

Sababu ya pili ndiyo inayomhusu zaidi msomaji mwenye kompyuta ya zamani. Chini ya DirectX 11, draiva ya AMD ilirundika sehemu kubwa ya kazi yake kwenye kiini kimoja cha prosesa. Ukiwa na prosesa yenye nguvu huoni kitu. Ukiwa na Core i5 ya kizazi cha nne, kama zile zinazoshushwa kwenye makontena ya kompyuta za ofisi kutoka Ulaya, kiini hicho kinajaa na kadi inakaa bure. Ndiyo maana mtu anaweza kucheza GTA V ile ya 2015 kwa ulaini zaidi na GTX 1060 kuliko na RX 580 ndani ya boksi lilelile, huku majedwali ya majaribio, ambayo karibu yote hufanywa kwa prosesa za bei mbaya, yakimwambia kinyume.

Kisha zikaja DirectX 12 na Vulkan, ambazo humpa mtengenezaji wa gemu mamlaka ya kugawa kazi mwenyewe bila kuitegemea draiva. Doom ya 2016 ilipopata toleo la Vulkan mwezi Julai mwaka huohuo, kadi za Polaris ziliruka. GTX 1060 ilisogea kidogo tu. Kulikuwa na msaada mwingine wa kimyakimya. PlayStation 4 na Xbox One zote zilitumia usanifu wa AMD uitwao GCN, na PS4 Pro ya Novemba 2016 ilikuwa na makundi 36 ya viini, idadi ileile iliyomo ndani ya RX 580. Studio iliyotumia miaka mitano kukamua tone la mwisho kwenye konsoli hizo ilikuwa, bila kukusudia, inaikamulia na RX 580. Ndiyo maana Red Dead Redemption 2 na wenzake waliozaliwa kwenye konsoli huwa rafiki wa Polaris.

GTX 1060 nayo ilikuwa na mtaji wake: umati. Kwa miaka ilikaa kileleni mwa takwimu za Steam kama kadi inayotumika zaidi duniani, mpaka mwishoni mwa 2022 GTX 1650 ilipoipokonya nafasi. Hakuna studio yenye akili iliyotoa gemu bila kuijaribu kwenye kadi ya wateja wake wengi kiasi hicho.

Memori ndiyo inayoamua leo. Ubora wa teksta, yaani zile ngozi za picha zinazovishwa kuta, nyuso na nguo, hautegemei sana nguvu ya viini, unategemea nafasi. Zikitosha ndani ya memori ya kadi, unaweza kuzipandisha juu bila kupoteza fremu za kutajika. Zisipotosha, kadi inaanza kukopa memori ya kompyuta kupitia bodi kuu, ambako mwendo ni mdogo mno, na mchezaji anaona picha ikikata kila anapogeuka. Kuanzia 2020, PlayStation 5 ilipoingia na gigabaiti 16 zinazotumiwa kwa pamoja na prosesa na grafiki, studio ziliacha kuhurumia kadi ndogo. Gigabaiti 6 za GTX 1060 zikawa finyu. Nane za RX 580 bado zinapumua kwenye 1080p, na ndiyo faida yake iliyo wazi kabisa: gemu ileile, fremu karibu zilezile, lakini kadi ya AMD inacheza na teksta za juu mahali mwenzake ameshushwa hadi za kati.

Na hapa niseme neno kuhusu GTX 1060 ya 3GB. Wauzaji huitaja kama mdogo tu wa ile ya 6GB, mwenye memori nusu. Si hivyo, hata viini vimepunguzwa, ni 1,152, na ilistahili jina jingine tangu siku ya kwanza. Gigabaiti 3 leo ni za gemu za zamani na za mashindano mepesi. Usiinunue kwa bei inayokaribia ya 6GB.

Kwa anayecheza Counter-Strike 2, Valorant, eFootball au Fortnite kwa mipangilio ya kati, mjadala wote huu wa memori haumhusu. EA Sports FC 24 ilitaka angalau GTX 1050 Ti au RX 570, na kadi zetu zote mbili ziko juu ya mstari huo. Mtu wa namna hii aangalie bei na umeme tu.

Umeme basi. GTX 1060 imeandikwa wati 120 na hutumia plagi moja ya pini 6. RX 580 imeandikwa wati 185, plagi ya pini 8, na matoleo ya kampuni nyingine yaliyopandishwa mwendo hupita wati 200 yakibanwa. NVIDIA inapendekeza pawa saplai ya wati 400, AMD inapendekeza 500. Sasa fikiria kompyuta ambayo kijana wa kawaida anaanza nayo: Dell OptiPlex au HP EliteDesk iliyotoka kwenye benki fulani Ujerumani, prosesa nzuri, pawa saplai ya wati 300 hivi au pungufu, isiyo na plagi hata moja ya kadi ya grafiki. OptiPlex 9020 ya umbo la mnara, kwa mfano, ina wati 290. Zaidi ya hapo, baadhi ya OptiPlex zina plagi ya bodi kuu isiyo ya kawaida, kwa hiyo ukibadilisha pawa saplai unahitaji na waya wa kugeuzia. Gharama ya saplai nzuri pamoja na waya huo inaweza kula tofauti yote ya bei kati ya kadi mbili, na zaidi.

Ndani ya boksi kama hilo GTX 1060 inaingia kwa taabu kidogo, na mafundi wengi huilisha kwa waya wa kugeuza plagi za diski kuwa pini 6. Inafanya kazi, ingawa nyaya za bei rahisi zilizomiminwa plastiki hupata moto na nimeona picha za kutosha za plagi zilizoyeyuka. Kwa RX 580 jambo hilo halifai kujaribiwa hata kidogo. Kadi ya wati 185 kwenye saplai ya wati 290 iliyokwisha kufanya kazi miaka kumi itazimisha kompyuta siku gemu inapokolea.

Bili nayo ihesabiwe, kwa kiasi. Tofauti ya wati 65 kwa saa tatu kila siku ni karibu uniti 6 kwa mwezi. Kwa mtu mmoja nyumbani ni ndogo, isipokuwa kwa Mtanzania aliye kwenye kundi la watumiaji wadogo ambaye anajibana asivuke uniti 75 kwa mwezi. Huyo uniti 6 anazijua. Kwa mwenye ukumbi wa gemu hadithi ni nyingine kabisa. Mashine 10, saa 12 kwa siku, kadi zikiwa zimebanwa muda wote: tofauti ni uniti 234 kwa mwezi, na joto lote hilo linabaki chumbani, kwa hiyo feni za dari au kiyoyozi nacho kinadai chake. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, joto la chumba pekee linatosha kuifanya feni ya kadi ipige kelele. Mwenye ukumbi achukue GTX 1060 na asinisikilize tena.

Upo ufundi unaopunguza pengo. Programu ya AMD yenyewe inaruhusu kushusha volti ya chipu, na Polaris nyingi zilitoka kiwandani zikiwa na volti ya ziada isiyo na kazi. Ukiishusha kwa subira, hatua kwa hatua, kadi inapoa na kutulia bila kupoteza mwendo unaoonekana. Mwenye RX 580 asipofanya hivi anajinyima.

Upande wa draiva hakuna mshindi wa wazi, kuna anayekufa polepole zaidi. Novemba 2023 AMD ilizitenga kadi za vizazi vya Polaris na Vega kwenye tawi lao la draiva, linalopata marekebisho ya lazima badala ya maboresho ya kila gemu mpya. Watu wa NVIDIA walicheka. Kicheko kilidumu miaka miwili: Oktoba 2025 zamu ya Pascal ikafika, draiva za maboresho ya gemu zikakoma, na kilichobaki ni masasisho ya usalama ya kila robo mwaka hadi Oktoba 2028. Kwa Windows, basi, ni sare ya wazee. Kwa Linux si sare. Polaris inaendeshwa na draiva za chanzo huria zilizomo ndani ya mfumo wenyewe, zinazotunzwa na jamii pamoja na wahandisi wanaolipwa na Valve, na hakuna kampuni inayoweza kuamka asubuhi moja na kuzifunga. Draiva mpya ya wazi ya NVIDIA inaanzia kizazi cha Turing. Pascal imeachwa nje. Kwa kuwa kompyuta hizohizo za ofisi zenye prosesa za kizazi cha nne hazikubaliki rasmi kwenye Windows 11, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida Oktoba 2025, Linux si mzaha tena kwa mtu wa kipato hiki, na RX 580 inapata pointi ambayo mwaka 2017 hakuna aliyeihesabu.

NVIDIA ina pointi yake kwa wanaorekodi. Kifaa cha kusimbia video ndani ya Pascal kinatoa picha safi kuliko cha Polaris kwa kiwango kilekile cha data, na anayerusha mchezo wake moja kwa moja kwa intaneti ya bando anajua maana ya kila kilobiti. Kuhusu monita zinazolingana na mwendo wa kadi, tangu Januari 2019 GTX 1060 inakubali monita za FreeSync kwa DisplayPort. RX 580 inazikubali hata kwa HDMI, ambayo ndiyo tundu utakalolikuta kwenye monita nyingi za bei nafuu. Na kama monita yako ni ya VGA peke yake, jua kwamba kadi zote mbili hazina VGA: tenga pesa ya kigeuzi.

Ukweli huo wa VGA una faida nyingine, nao unatupeleka sokoni. Kadi iliyoandikwa GTX 1060 yenye tundu la bluu la VGA ni sababu tosha ya kurudisha mkono mfukoni. Kwa miaka kumekuwa na biashara ya kuchukua kadi za kizamani kama GTX 550 Ti, kuchakachua programu yao ya ndani na kuziuza kama GTX 1060. Windows inasoma jina jipya bila kusita. Kadi huanza kuganda draiva halisi inapowekwa. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 programu ya bure ya GPU-Z iliongezewa uwezo wa kuzitambua kadi za NVIDIA za bandia. Yuko pia binamu aitwaye P106-100: chipu ni ileile GP106, lakini ilitengenezwa kwa wachimbaji wa sarafu za kidijiti na haina tundu hata moja la monita.

Upande wa RX 580 mtego ni wa kistaarabu zaidi kwa sababu AMD yenyewe ilishiriki. Oktoba 2018 ilitoa kwa soko la China kadi iitwayo RX 580 2048SP. Herufi hizo za mwisho ndizo siri yote: viini ni 2,048, yaani ni RX 570 iliyovalishwa jina la kaka yake. Kadi hizi ndizo zilizojaa kwenye maduka ya mtandaoni ya China, nyingine zikiwa na chipu kuukuu zilizobandikwa kwenye bodi mpya zinazong'aa, na ndizo zinazofika kwetu kama kadi mpya kabisa ndani ya boksi. Si kadi mbaya. RX 570 ya 8GB kwa bei ya RX 570 ni ununuzi wa heshima. Kuilipia kama RX 580 ndiyo dhuluma.

Wachimbaji nao hawasahauliki. Polaris ilikuwa kipenzi chao katika kuchimba Ethereum, na mtandao huo ulipoacha uchimbaji Septemba 2022, kadi zilimwagwa sokoni kwa wingi. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu. Mara nyingi chipu iliendeshwa kwa volti ndogo na joto lisilobadilika. Kinachochoka ni feni, dawa ya kupoza iliyopakwa juu ya chipu, na wakati mwingine memori, ambayo ndiyo iliyokuwa ikikamuliwa. Wachimbaji wengi pia walibadilisha programu ya ndani ya kadi ili memori iende kasi kuliko inavyostahili, na kadi ya namna hiyo huonyesha vidoti na mistari ya rangi katikati ya gemu hata kama ilitulia kwenye meza ya muuzaji.

Kwa hiyo usinunue kadi isiyowashwa. Omba GPU-Z ifunguliwe: RX 580 halisi isome viini 2,304 na upana wa biti 256, GTX 1060 ya 6GB isome 1,280 na biti 192. Kisha iwekwe gemu nzito nusu saa, si dakika mbili, huku ukitazama joto na ukisikiliza feni. Muuzaji anayesema hana muda huo amekupa jibu.

Uamuzi wangu haujabadilika. Kompyuta yenye pawa saplai ya kweli ya wati 500, mchezaji wa gemu za hadithi za miaka ya 2018 hadi 2023, anayeweza kuishi na Linux: RX 580 ya 8GB. Boksi la ofisi, ukumbi wa biashara, gemu za DirectX 11, mrushaji wa video: GTX 1060 ya 6GB. Anayetaka gemu mpya kubwa asichukue hata moja. Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 na Doom: The Dark Ages ya Mei 2025 zinadai kadi yenye vitengo vya kufuatilia miale ya mwanga, ambavyo kadi zetu mbili hazina wala hazitavipata. Kiwango cha chini cha AMD kwenye gemu hizo ni RX 6600, kadi ya Oktoba 2021 yenye 8GB na wati 132 tu, karibu na tabia ya umeme ya GTX 1060. Hiyo ndiyo inayofaa kuwa mizani ya bei: muuzaji akikutajia kwa RX 580 zaidi ya nusu ya bei ya RX 6600 iliyotumika, mwachie, ongeza akiba, urudi mwezi ujao kuulizia RX 6600.